Waliomhesabia Guru Kurasa

Huko Amritsar, mji mtakatifu wa Masingasinga katika Punjab ya India, jua halijachomoza, kitabu huamshwa. Hutolewa Akal Takht, makao makuu ya mamlaka ya dini yao, kilikolala usiku, huwekwa kwenye machela iliyopambwa, na wanaume husukumana kutia bega ili nao wawe wamekibeba japo hatua mbili. Kikifika ndani ya Harmandir Sahib, lile hekalu la dhahabu katikati ya maji, hufunguliwa juu ya mito, chini ya paa la kitambaa cha thamani, na mtu hukaa nyuma yake akikipepea kwa usinga kama apepewavyo sultani. Usiku hufunikwa, hubebwa, hulazwa tena.

Guru Gobind Singh, wa kumi na wa mwisho katika silsila ya walimu wa dini iliyoanza na Nanak, alifariki Nanded mwaka 1708, na mapokeo yanasema hakumwachia mtu kiti. Alikiachia kitabu. Tangu hapo Guru Granth Sahib kwa Masingasinga ndiye Guru mwenyewe, aliye hai na mwenye kauli. Kina kurasa 1430, na chapa za kawaida zote zinakwenda ukurasa kwa ukurasa, hata mtu wa Vancouver na wa Kisumu wakitajiana namba wanafungua pale pale.

Sasa wazia mtu anabisha hodi na lenzi mkononi. Anataka kupima karatasi, kulinganisha wino, kuuliza mstari huu ulifutwa na nani na kwa nini ule umeandikwa kwa mkono mwingine. Kwa kitabu kingine chochote hiyo ni kazi ya kawaida ya maktabani, na hakuna atakayekosa usingizi. Kwa hiki, umeomba kumvua Guru nguo umpime.

Mimi si Singasinga, na India sijaisomea darasani. Shughuli yangu ni miswada ya tenzi za Kiswahili, ile ya hati za Kiarabu iliyosalia katika masanduku ya watu, na nilifika Punjab kwa mlango wa uani: nilikuwa nikitafuta jinsi jamii nyingine zinavyotunza nakala za mkono, nikakumbana na ugomvi wa wasomi wa Kisingasinga, nikanasa. Rafiki zangu huniuliza, wewe na Makalasinga wapi na wapi? Basi jibu ni hili, na ni refu kidogo.

Tuanze na Mjerumani, maana ndiye aliyeharibu mambo mapema. Ernest Trumpp alikuwa mmisionari na bingwa wa lugha za upande ule. Waingereza, baada ya kuitwaa Punjab mwaka 1849, walitaka kujua raia wao wapya wanaamini nini, wakamkabidhi kazi ya kukitafsiri kitabu. Alikwenda Lahore mwanzoni mwa miaka ya 1870 akaketi na wanazuoni wa huko, na inasimuliwa mpaka leo kwamba alivuta sigara mbele ya Granth huku moshi ukitanda juu ya kurasa. Tumbaku kwa Singasinga aliyebatizwa ni mwiko mkubwa, kwa hiyo hata kama kisa kimetiwa chumvi, unaelewa kwa nini kimedumu. Tafsiri yake, ya sehemu tu ya kitabu, ilitoka London mwaka 1877. Katika utangulizi alikiona kitabu chenyewe hakina kina wala mpangilio. Chenye thamani kwake ilikuwa lugha yake kongwe.

Lakini mtu huyo huyo, akipekua maktaba ya India Office kule London, ndiye aliyeiibua janamsakhi moja kongwe iliyokuwa imelala humo tangu ilipotolewa na H. T. Colebrooke mwanzoni mwa karne ya 19. Janamsakhi ni mikusanyo ya visa vya maisha ya Nanak: kuzaliwa kwake, safari zake, mijadala yake na masheikh na mabrahmani, miujiza yake. Hiyo ya London ilikuwa na masimulizi tofauti na yale yaliyozoeleka Punjab. Miaka ya 1880 Masingasinga wenyewe wakaiomba serikali iwaletee waione. Ikaletwa, ikanakiliwa kwa picha, ikasambaa. Aliyewatukania kitabu ndiye aliyewarudishia kingine. Kisa hiki nakipenda sana kwa sababu kinaivuruga ile hamu yetu ya kupanga watu mafungu mawili, wa kwetu na wa kwao.

Aliyekuja kupoza moyo ni Max Arthur Macauliffe, mzaliwa wa Ireland, mtumishi wa serikali ya Kiingereza huko huko Punjab. Mwaka 1893 aliacha kazi ili akitafsiri kitabu sawasawa. Aliketi na wanazuoni, akawapelekea rasimu wazisahihishe, akashirikiana kwa karibu na Kahn Singh wa Nabha, msomi aliyekwisha kuandika kijitabu mwaka 1898 kutangaza kwamba Masingasinga si Wahindu. Majuzuu sita yalichapishwa Oxford mwaka 1909. Mpaka leo yanaheshimiwa, na kwa haki. Ila kuna kitu nikiyasoma hunikereketa: Macauliffe alisikiliza vizuri mno. Alichoambiwa na wanamageuzi wa wakati wake, wale wa vuguvugu la Singh Sabha, ndicho alichoandika, kama kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tangu alipozaliwa Nanak mwaka 1469.

Waliouliza maswali magumu hawakutoka Ulaya peke yake, na hili husahauliwa kila ugomvi unapopamba moto. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na kijana wa Chuo cha Khalsa huko Amritsar, Karam Singh, aliyeacha masomo karibu na kumaliza ili azunguke vijijini kuwahoji wazee. Wazee hao walikuwa wameuona kwa macho utawala wa Ranjit Singh, yule mtawala wa Lahore aliyefariki mwaka 1839, na Karam Singh aliona wanakwisha mmoja mmoja na yale waliyoyajua. Digrii ingengoja, wazee hawangengoja. Miaka michache baadaye akatoa kitabu kidogo chenye swali moja: Nanak alizaliwa mwezi gani? Sherehe hufanyika mwezi wa Katak, kwenye mbalamwezi ya Novemba. Karam Singh akapanga ushahidi wake kuonyesha kwamba ni Vaisakh, yaani Aprili, na kwamba yule Bhai Bala, sahaba wa Nanak ambaye janamsakhi maarufu kuliko zote inajengwa juu ya ushuhuda wake, ni mtu wa kutungwa.

Wanahistoria wengi wamemkubalia. Sherehe ikabaki Novemba. Hata kalenda mpya ya Nanakshahi ilipopitishwa mwaka 2003 ili sikukuu zisihamehame, siku ya Nanak iliachwa pale pale kwenye mbalamwezi ya Katak. Mimi hilo halinisumbui hata kidogo. Watu wakishazoea kukusanyika usiku fulani wa mwezi mpevu, na watoto wao wakazaliwa na kukuta hivyo, hoja ya mwanahistoria itakaa kitabuni na sherehe itaendelea uwanjani, na hakuna aliyekosewa.

Shida kubwa ilianza na Hew McLeod.

McLeod alikuwa mtu wa New Zealand aliyekwenda Punjab mwaka 1958 akiwa mmisionari wa Kipresbiteri, akafundisha katika shule moja ya Kharar. Huko alijifunza Kipunjabi, akaanza kusoma janamsakhi, kisha akaandika tasnifu ya uzamivu London juu ya Nanak. Kitabu kilichotokana nayo kilitoka mwaka 1968, mwaka mmoja kabla ya jubilei ya miaka 500 ya kuzaliwa kwa Guru, wakati kila mji wa Punjab unajiandaa kwa mapambo na hotuba. Ungetafuta wakati mbaya kuliko huo usingeupata.

Alichofanya ni hivi. Alichukua kila kisa cha janamsakhi akakiuliza: nani anakisimulia, nakala ngapi zinacho, zinapatana wapi na kupingana wapi, kuna ushahidi wa nje? Kisha akavitia visa katika mafungu matano: yaliyothibitika, yanayoelekea kuwa kweli, yanayowezekana, yasiyoelekea, na yasiyowezekana kabisa. Alipomaliza, fungu la kuaminika lilikuwa jembamba. Nanak alizaliwa mwaka 1469, akakulia Talwandi, ambako leo ni Nankana Sahib, Pakistan, alikuwa wa ukoo wa Bedi, tabaka la Khatri, alioa, alifanya kazi Sultanpur kwa Daulat Khan Lodi, alisafiri, aliishi hadi kuona uvamizi wa Babur, alianzisha makazi Kartarpur, akafia huko mwaka 1539. Basi. Aya chache zinatosha. Watu waliolelewa na visa tangu wakiwa mapajani mwa bibi waliona wameibiwa.

Chukua kisa cha Makka, kwa kuwa msomaji wa pwani ataona utamu wake haraka. Nanak, akiwa amevaa kama haji, amelala Makka ameelekeza miguu upande wa mihrabu. Mtu anamjia juu: wewe, mbona unainyooshea nyumba ya Mungu miguu? Nanak anamjibu kwa upole, basi ielekeze miguu yangu pale ambapo Mungu hayupo. Yule bwana anaishika miguu na kuizungusha, na kila anakoizungusha mihrabu inaifuata.

Swali la kwanza la Mwislamu yeyote ni aliingiaje. McLeod naye aliuliza hivyo hivyo: asiye Mwislamu hapiti pale bila kujifanya Mwislamu, na kujifanya hakufanani na Nanak tunayemwona katika mashairi yake. Basi hakukikubali kuwa tukio la historia. Wapinzani wakamjibu kwamba Bhai Gurdas, mwandishi wa karne ya 17 aliyekuwa karibu sana na familia ya Maguru, ameitaja safari ya Makka na ya Baghdad. Na Baghdad kulikuwa na jiwe! Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Masingasinga waliokuwa katika jeshi la Kiingereza kule Iraki waliona maandishi ya Kituruki karibu na kaburi la Bahlul, yule mwenye hekima aliyejifanya mwendawazimu zama za Harun Rashid, zama zile zile wanazowekwa watu wa hadithi za Abunuwasi. Tafsiri zikatoka zikimtaja Baba Nanak. McLeod akazichambua akasema hazisimami. Wengine wakatilia shaka kama jina hilo limo kweli, wengine wakaapa kwamba limo. Jiwe moja, mistari michache, na kila aliyeliendea alirudi na usomaji wake.

Maoni yangu, kama yana uzito: kwa swali alilouliza, McLeod alijibu sawa. Ila swali lenyewe lilikuwa dogo kuliko kisa. Katika Sura ya Baqara, aya ya 115, imeandikwa kwamba kokote mnakogeukia, huko uko uso wa Mwenyezi Mungu. Yaani aliyekisimulia kisa cha Makka, awe nani, alikuwa na jambo la kuwaambia Waislamu wa Punjab, na ukikisoma na aya hiyo kichwani utaona hoja ya Nanak isingekuwa ngeni kwao. Hiyo ni historia nzito, ya watu wawili wa imani mbili wanaoishi mtaa mmoja na kujuana maneno. Mwaka 1980 McLeod mwenyewe alitoa kitabu kingine kinachozitazama janamsakhi kwa njia hiyo, kama ushahidi wa jamii iliyozisimulia, na ndicho ninachokiona bora. Bahati mbaya wengi walikuwa wameshamfungia mlango na lile fungu la tano.

Sisi tunaye Liyongo. Wasomi wanabishana aliishi karne gani, wengine wanauliza kama aliishi, na hakuna mtu wa Lamu au Pate anayeumia moyo kusikia hivyo. Sindano ya shaba kitovuni itasimuliwa tu. Lakini Liyongo hatumwombi. Tofauti ni hiyo, na mtu wa maktabani huisahau kirahisi.

Sasa nije kwenye kurasa tupu, kwa sababu hapa ndipo mimi binafsi niliponasa.

Mwaka 1604 Guru Arjan, wa tano, alikamilisha mkusanyo wa kwanza rasmi wa kitabu, mwandishi wake akiwa huyo huyo Bhai Gurdas. Ndani aliweka tungo zake na za Maguru waliomtangulia, na pia za watu wasio wa jamii yake: Kabir mfumaji, Ravidas wa watu wa ngozi, Sheikh Farid Mwislamu. Miaka miwili baadaye Arjan aliuawa Lahore kwa amri ya mfalme Jahangir. Mswada unaoaminiwa kuwa ule ule wa 1604 uko mikononi mwa familia ya Sodhi, katika mji wa Kartarpur ulio karibu na Jalandhar. (Huu si ule Kartarpur alikofia Nanak, ule uko Pakistan, na ndio uliofunguliwa njia maalumu ya mahujaji Novemba 2019.) Ni mali ya watu, nyumbani kwa watu. Kuonyeshwa huonyeshwa, kwa siku maalumu, lakini kutazamwa kwa macho ya heshima na kusomwa jani kwa jani ni mambo mawili, na ruhusa ya hilo la pili wameipata wachache.

Katika raga (yaani mahadhi ya kuimbia) ya Ramkali mna utungo wa Guru Arjan wenye mistari miwili tu. Baada yake, karatasi tupu. Mistari hiyo hiyo miwili ndiyo iliyomo katika chapa zote za leo. Lakini kuna ukoo mwingine wa nakala za mkono, unaoitwa wa Banno, ambamo utungo huo ni mrefu, na unazungumzia sherehe za mtoto Hargobind, mwana wa Guru, ikiwemo kunyolewa nywele. Nywele! Kwa jamii ambayo tangu kuundwa kwa Khalsa, jumuiya ya waliobatizwa, mwaka 1699 haikati nywele, Guru kumnyoa mwanawe ni jambo la kutikisa nyumba. Katikati ya miaka ya 1970 McLeod akatoa dhana: huenda utungo wote ulikuwemo, ukaondolewa baadaye kwa kuwa haukupatana tena na desturi. Mswada hakuwa ameushika. Aliegemea maelezo ya waliouona.

Waliouona wakaja juu. Hakuna kilichofutwa, walisema. Pale hapakuwahi kuandikwa kitu. Na kurasa tupu si hizo tu, ziko nyingi, kwa sababu kitabu kilipangwa kwa raga, na ndani ya raga kwa aina ya utungo na kwa mtungaji, na mwandishi aliacha nafasi kila fungu lilipokwisha ili tungo zikipatikana zipate pa kukaa. Kuna mistari iliyofutwa kwa rangi ya njano mahali pengine mswadani, na mahali hapo panajulikana, lakini kwenye Ramkali hapana.

Kwa mtu anayeshinda na miswada, jibu hilo lina ladha ya kweli. Ukikuta nakala safi isiyo na pengo hata moja, ujue umekuta nakala ya nakala. Mwandishi alikuwa na maandishi kamili mbele yake, akayafuata tu. Mapengo, marekebisho pembezoni, utungo uliobanwa mahali pasipo pake kwa kuwa umechelewa kufika: hizo ni alama za mtu anayekusanya. Jodh Singh, mwanazuoni aliyeuchunguza mswada ule kabla ya wengi, alijenga hoja yake juu ya mambo kama hayo, na mimi nimeridhika nayo. Kurasa tupu ambazo McLeod aliziona kama dalili ya hila zinautetea mswada kuliko kiapo chochote. Yeye mwenyewe baadaye alilegeza kauli.

Mjadala huo ungeweza kubaki hivyo, watu wazima wakibishana juu ya karatasi. Kilichouvunja ni Juni 1984. Jeshi la India liliingia katika eneo takatifu la Amritsar kwa vifaru, na katika vurugu hizo Maktaba ya Marejeo ya Kisingasinga iliyokuwa humo ndani ilipotea na miswada yake. Serikali ilisema iliungua vitani. Kamati inayosimamia magurudwara, yaani nyumba za ibada za Kisingasinga, iitwayo SGPC, imeshikilia miaka yote hii kwamba vingi vilibebwa na askari kabla ya moto, na madai ya kurudishiwa hayajaisha. Chukua upande unaoutaka, matokeo kwa msomaji ni mamoja: nakala ambazo zingeweza kulinganishwa hazipo.

Jiweke sasa katika nafasi ya Singasinga wa Kanada mwaka 1991, anayesikia kwamba huko Toronto mtu amepewa shahada ya uzamivu kwa kusema Guru Arjan alifanya kazi juu ya rasimu akairekebisha kabla ya kufikia maneno ya mwisho. Aliyesema hivyo hakuwa mgeni. Pashaura Singh alikuwa Singasinga, mwanazuoni wa dini kabla ya kuwa mwanachuo, mwanafunzi wa McLeod. Aliegemea mswada namba 1245 wa Chuo Kikuu cha Guru Nanak Dev, Amritsar. Kwa waumini, maneno ya kitabu yameshuka kutoka kwa Mungu. Neno lililoshuka halifanyiwi marekebisho. Mwaka 1994 aliitwa Akal Takht, akaenda, akasimama, akapokea adhabu ya kidini. Piar Singh, mzee aliyechapisha utafiti wake wa miswada mwaka 1992, naye aliitwa, na kitabu chake kikaondolewa sokoni. Mwaka huo huo wa 1994 Harjot Oberoi wa Vancouver alitoa kitabu kuonyesha kwamba kabla ya Singh Sabha mpaka kati ya Singasinga, Mhindu na Mwislamu vijijini haukuwa mkali, na watu walikwenda kwenye makaburi ya mapiri, mawalii wa Kiislamu, bila kuona wamekosea. Jumuiya iliyochangia fedha za kiti chake cha uprofesa ikaona imelipia fimbo ya kujichapia. Hatimaye alikiachia kiti.

Jambo linaloniudhi katika vurugu ile ni kwamba kwa makelele yake ilizima mabishano yaliyokuwa na faida. Gurinder Singh Mann, aliyefundisha Columbia, hakukubaliana na Pashaura Singh juu ya mswada namba 1245. Hakuuona kuwa rasimu ya Guru, na alikuwa na sababu za kimswada kabisa. Hiyo ndiyo kazi inavyotakiwa kwenda. Lakini nani angesikia habari za karatasi na mkono wa mwandishi wakati gazeti linauliza nani ni msaliti? McLeod aliendelea kuitwa mmisionari aliyetumwa kuivunja dini, ilhali alikuwa ameacha umisionari na imani yake ya Kikristo ilikuwa imemtoka tangu miaka ya 1960. Kwa upande mwingine, wale waliolalamika kwamba mtu wa London hupata kushika miswada ambayo mtunza gurudwara wa kijijini hatakaa aione, hao walikuwa na neno. Ile nakala nzuri kabisa ya janamsakhi ya mwaka 1733, yenye michoro 57, iko London hadi leo.

Na sisi huku je?

Kila aliyesafiri barabara ya Mombasa anaijua Makindu. Unaacha viatu, unafunika kichwa, unapita kuinama mbele ya kitabu ukipenda, halafu unakwenda kula: dengu, chapati, mboga, chai ya maziwa, na hakuna anayekuuliza kabila wala hela. Gurudwara hiyo ilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga wa reli. Chakula hicho, langar, kinatokana na Maguru wenyewe, na mapokeo yanasema hata mfalme Akbar alipomtembelea Guru wa tatu aliketi kwanza chini, mstari mmoja na wengine, akala. Maana yake ni kuvunja tabaka: brahmani na mfagiaji, sahani moja.

Sasa linganisha na hili. Reli ilipoanza Mombasa mwaka 1896, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Punjab, na kwa ajili ya karakana, madaraja na stesheni wakatafutwa maseremala, wahunzi na waashi. Katika Punjab kazi hizo zilikuwa za watu maalumu, waliokuja kujiita Ramgarhia kwa jina la Jassa Singh Ramgarhia, jemadari wa karne ya 18 aliyetoka kwao. Nyumbani Punjab wenye ardhi, Majati, ndio wengi na ndio wenye sauti. Afrika Mashariki ikageuka: Ramgarhia ndio wakawa wengi. Ndiyo sababu Kalasinga wa hadithi zetu daima ana spana mkononi, na hajulikani kwa jembe.

Parminder Bhachu, ambaye asili yake ni huku, alichapisha mwaka 1985 utafiti juu ya Masingasinga wa Afrika Mashariki waliohamia Uingereza. Alionyesha kwamba walifika huko na ufundi, na Kiingereza, na vilemba vyao kichwani, wakati wengi waliotoka Punjab moja kwa moja walikuwa wamekwisha kunyoa ili wapate kazi viwandani. Watu wa Nairobi na Kampala wakawa miongoni mwa waliorudisha kilemba katika mitaa ya Southall na Birmingham. Hata lile kundi kubwa la Birmingham, Nishkam Sewak Jatha, lililosimamia kupakwa upya dhahabu ya Harmandir Sahib miaka ya 1990, lilianzishwa na Bhai Puran Singh, ambaye wafuasi wake wanamwita mtu wa Kericho.

Utafiti huo umefanyika Uingereza, kwa kuwa watu walihamia huko. Karatasi nyingine zilibaki. Makhan Singh, aliyeanzisha chama cha wafanyakazi Nairobi mwaka 1935 na kukaa kizuizini kuanzia 1950 hadi 1961 kwa kudai, pamoja na mengine, uhuru wa Kenya, alikuwa mwana wa seremala wa reli aliyekuja kufungua matbaa, na nyaraka zake ziko Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanahistoria wa siasa wamezipitia. Anayezipitia kama nyaraka za Singasinga, mtunzi wa mashairi ya Kipunjabi aliyelelewa na kitabu kile, sijamwona.

Na swali ambalo ningelipenda mtu alishike ni la Nairobi yenyewe. Jamii inayokula mstari mmoja ili kufuta tabaka ilijijengea pale gurudwara ya Singh Sabha, na nyingine yenye jina la Ramgarhia. Nani alitoka kwa nani, mwaka gani, kwa ugomvi wa nini? Nani alikataa kumwoza nani? Je, fundi aliyekuwa chini Punjab alitaka hatimaye nyumba ya ibada ambayo yeye ndiye mwenyekiti? Hayo hayamo katika mswada wa 1604, wala Trumpp na McLeod hawakuyagusa. Yatakuwa katika madaftari ya mikutano ya kamati, risiti za mbao na saruji, majina ya wachangiaji yaliyochongwa ukutani, mengi kwa hati ya Gurmukhi. Herufi zake za msingi ni 35. Mwanafunzi wa Nairobi aliyekwisha kumudu lugha tatu hatashindwa na hiyo, na wazee wa kamati, tofauti na familia ya Kartarpur, huenda wakamkaribisha chai kwanza.